Eginogi isiyokatika kwenye joto la Desemba Mombasa

Swali

Shikamoo mwalimu. Naishi Bamburi, nina watoto wawili. Krismasi iliyopita nilijaribu kutengeneza eginogi, kile kinywaji cha maziwa na mayai ambacho binamu yangu aliyeko Marekani hachoki kutusifia kila Desemba. Nilichemsha maziwa, nikamimina mayai, na papo hapo yakaganda. Ilikuwa kama mayai ya kukaanga yanayoelea kwenye chai. Binamu alicheka sana, akasema wao hawapiki chochote, hupiga mayai mabichi na kutia ramu, kwa kuwa pombe inaua vijidudu. Mwaka huu nimealika majirani. Wengi wao ni Waislamu, kutakuwa na watoto, na mama mmoja ni mjamzito. Naweza kuitengeneza bila pombe? Tui la nazi linaweza kushika nafasi ya krimu, maana krimu haishikiki bei? Na je, niipike siku ya mkesha ikae mpaka mchana wa Krismasi? Stima ya kwetu haina uaminifu.

Jibu

Marahaba mwanangu. Hayo mabonge nayajua. Nilipokuwa naanza kazi jikoni kwenye hoteli moja ya ufuoni, niliachiwa sufuria la kastadi ya lita kumi nikaambiwa nikoroge tu, nisifanye kingine. Nikaona inachelewa, nikapandisha moto, nikageuka kutoa trei ya keki kwenye oveni. Dakika mbili hazikutimia. Niliporudi nilikuta vipande vya manjano vinacheza kwenye maji ya maziwa. Ile kastadi ilichujwa, ikaishia kwenye pudini ya mkate ya wafanyakazi, na jina la "Mama Mabonge" nililibeba mpaka nilipohama pale. Kwa hiyo usione haya.

Kosa halikuwa la mayai wala la maziwa. Eginogi ni kastadi iliyolegezwa ili inyweke, basi. Shida yetu ni kwamba kastadi tuliyokulia nayo ni ile ya unga wa kopo, ambayo haina yai hata moja ndani. Aliibuni Mwingereza Alfred Bird huko Birmingham mwaka 1837, kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika na mayai. Kinachoifanya iwe nzito ni wanga wa mahindi, na wanga hauivi mpaka utokote. Basi mtu aliyezoea kastadi ya kopo mkono wake unajua njia moja tu: chemsha, mimina, koroga, acha itokote. Ukiufuata mkono huo kwa mayai halisi, umekwisha.

Ndani ya yai mna protini zilizojikunja kama uzi uliosokotwa kwenye kibonge. Zikipata joto zinakunjuka, kisha zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kufanya wavu unaonasa maji ya maziwa. Wavu huo ndio uzito laini tunaoutafuta. Kiini kikiwa peke yake huanza kushikana kwenye nyuzi joto 65 au hivi za Selsiasi. Kikichanganywa na maziwa na sukari huchelewa, kwa kuwa protini zimetawanywa mbali mbali na sukari inazizuia zisikutane haraka. Mchanganyiko wako utaanza kuwa mzito baina ya nyuzi 70 na 80. Ukikaribia 85, wavu unajikaza na kukamua maji nje, kama kitambaa kinachokamuliwa. Huko ndiko kukatika. Maziwa yako yalikuwa yakitokota kwenye nyuzi 100 au karibu yake, na mayai uliyatumbukiza humo bila kuyazoesha. Hayakuwa na namna nyingine.

Sasa weka nambari nyingine hapo kando: 71. Kwenye joto hilo salmonela, yule kijidudu wa mayai anayeharisha watu na kuwatapisha, huwa amekufa, na ndicho kiwango ambacho Wizara ya Kilimo ya Marekani huwashauri wapishi wa eginogi wakifikie. Yaani chini ya 71 hujawa salama, na ukipita 80 sana unaelekea kwenye mabonge. Kazi yote ya eginogi inafanyika ndani ya nafasi hiyo ndogo. Kipimajoto cha jikoni kinasaidia sana, lakini bibi zetu walipika vitu vigumu kuliko hivi bila hicho, na alama ya kutazama nitakupa.

Kwa bilauri nane ndogo unataka viini 6 vya mayai, sukari nusu kikombe (gramu 100 hivi), maziwa ya pakiti mililita 750, yaani pakiti moja na nusu za nusu lita, krimu mililita 250, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na iliki punje nne au tano zilizotwangwa. Maziwa yawe yenye mafuta yake kamili. Kama unanunua ya kupimiwa mtaani, yachemshe kwanza, yapoe, ndipo upime. Usiwe na wasiwasi kama mayai ni ya kienyeji au ya gredi. Kiini cha kienyeji kina rangi nzuri zaidi na hapo ndipo tofauti inapoishia. Salmonela haichagui kuku.

Tenga viini na ute, na ute uuhifadhi, tutaurudia. Tia sukari kwenye viini ukiwa tayari kupiga, si kabla. Sukari ikikalia kiini bila kukorogwa inakinyonya maji na kukiacha na vidonge vigumu visivyoyeyuka tena, na watu wengi wanadhani walikosea motoni kumbe walikosea mezani. Piga mpaka rangi ipauke na mchanganyiko uanguke kama utepe ukiinua mkono. Kama umeshaumwa na mabonge mara moja na unaogopa, tia na kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi hapo hapo. Wanga unaingia katikati ya protini na kuzizuia zisikabane. Wapishi wa mahoteli makubwa watakunja uso, lakini mgeni hatajua, na wewe utalala usingizi.

Maziwa yapashe moto pamoja na chumvi na iliki mpaka uone mapovu madogo pembeni mwa sufuria. Yasipande. Zima moto. Sasa chota upawa mmoja wa maziwa, umimine kwenye mayai kwa uzi mwembamba, mkono mwingine ukipiga bila kusimama. Ongeza wa pili, kisha wa tatu. Unayazoesha mayai joto kama anayeingia baharini asubuhi, mguu kwanza. Yakishakuwa ya vuguvugu yenyewe, yarudishe yote kwenye sufuria, na hapo washa moto mdogo kabisa. Jiko la gesi la mitungi midogo lina moto mkali hata ukilipunguza, kwa hiyo kama ndilo ulilonalo, weka bakuli la bati juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole na upikie kwa mvuke. Inachukua muda zaidi lakini haikushtukizi.

Koroga kwa mwiko, ukikwangua chini na kwenye pembe, maana mabonge huanzia chini. Usiende popote. Simu ikilia, iache ilie. Baada ya dakika sita hadi kumi utahisi mwiko unakuwa mzito kidogo mkononi. Uinue, upitishe kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila kujifunga, imeiva, uko karibu na nyuzi 77 au 80. Iondoe motoni sekunde hiyo hiyo na uichuje kwenye chombo kingine, kwa sababu sufuria yenyewe ina joto la kutosha kuendelea kupika hata moto ukiwa umezimwa. Krimu baridi itie sasa, nayo inasaidia kuvunja joto.

Na kama umeona dalili ya vipande vidogo vidogo? Usikate tamaa. Imimine haraka kwenye bakuli baridi, ichuje, ipige kwenye blenda nusu dakika. Ikiwa imekatika kidogo tu inarudi vizuri. Ikiwa imekuwa kama ile ya mwaka jana hairudi. Ipige, uimimine juu ya vipande vya mkate wa jana, tia zabibu na uoke.

Ya binamu sasa. Ni kweli kwamba Marekani wako wengi wanaotengeneza kwa mayai mabichi, na wengi wao hawajawahi kuugua. Lakini hiyo ni bahati ya kila mwaka, na siku moja bahati inachoka. Salmonela haikai kwenye ganda peke yake. Kuku aliyeambukizwa huweza kuiweka ndani ya yai kabla ganda halijafungika, kwa hiyo kuosha yai hakukuhakikishii kitu, na lile jaribio la kulitumbukiza kwenye maji kuona kama linaelea linakwambia umri wa yai, si usalama wake. Mtu mzima mwenye afya huenda akaharisha siku mbili tatu akapona. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa wa sukari, hao ndio wanaolazwa. Na wewe unao mezani wawili katika hao.

Hoja ya pombe ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kuna maabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa na desturi ya kutengeneza eginogi ya mayai mabichi na pombe nyingi, na kuiacha kwenye friji kwa wiki kadhaa kabla ya Krismasi. Watafiti wa hapo waliwahi kuitia salmonela kwa makusudi ili waone kitakachotokea. Vijidudu vilikufa, lakini baada ya wiki tatu hivi. Si usiku ule ule. Kwa hiyo anayepiga mayai mabichi saa tano asubuhi, akatia ramu kidogo, na kuwagawia watu saa saba mchana, anawanywesha mayai mabichi yenye harufu ya ramu. Mwambie binamu hivyo, kwa upole.

Wewe huna haja ya pombe hata kidogo. Eginogi iliyopikwa inajitosheleza kwa ladha, na ningekushauri pombe isikaribie kabisa chombo cha wageni wako, wala upawa wake. Kama wako wa nyumbani wanaotaka ramu au brandi, ujazo wa vijiko viwili vya mezani kwa bilauri unatosha, na waitie wenyewe kwenye bilauri zao upande wao. Kuna mawili ambayo wenyeji Wakristo huyasahau, nami nayasema kwa sababu nimeishi Majengo na Waislamu ukuta kwa ukuta.

La kwanza ni vanila. Vanila halisi ya chupa hutengenezwa kwa kuloweka maganda ya vanila kwenye pombe. Kwa sheria ya Marekani lazima iwe na pombe angalau asilimia 35. Inayouzwa madukani kwetu nyingi ni ya kuigiza, na baadhi yake haina pombe, lakini soma chupa kabla ya kumhakikishia mtu. Ndiyo maana kwenye vipimo vyangu nimetia iliki. Iliki hakuna anayeuliza swali.

La pili litakushangaza: kungumanga. Huko Marekani eginogi bila kungumanga si eginogi. Lakini kungumanga ikiliwa nyingi hulevya kweli kweli. Gramu tano hivi, kama vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpa mtu moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kuona mambo yasiyokuwepo. Kwa ajili hiyo wako Waislamu wanaojiepusha nayo kabisa, na wako wanaoona kidogo cha kutia ladha hakina tatizo. Halua yetu ya pwani mara nyingi imo. Usiamue wewe kwa niaba yao. Iache nje ya sufuria, iweke mezani nzima pamoja na kile kibati chenye matundu cha kusugulia tangawizi, na kila anayetaka aparuziwe juu ya bilauri yake. Tena hivyo ndivyo ilivyo tamu zaidi, maana mafuta yenye harufu hupotea haraka ikishasagwa. Ile ya unga iliyokaa kwenye kichupa tangu Pasaka ni vumbi tu. Ukienda Marikiti, chagua iliyo nzito mkononi, isiyo na tundu la mdudu, uikwaruze kwa ukucha: nzuri inaacha alama inayong'aa mafuta.

Tui sasa, na hapa nina maneno mengi kidogo, kwa sababu nimeliharibu mara nyingi kabla ya kulielewa.

Linaweza. Wala si wazo geni: Puerto Rico wana coquito, kinywaji cha Krismasi cha tui, maziwa mazito matamu ya kopo na ramu, na nyumba nyingi huko hawatii hata yai. Lakini tui si krimu, na linakwenda kinyume na krimu kwenye mambo mawili. Kwanza, tui bichi lililokamuliwa nyumbani halijapikwa. Limepita mikononi, kwenye mbuzi, kwenye chujio na kwenye maji ya bomba, na kwa joto letu linachacha kabla ya jua kutua. Krimu ya dukani unaweza kuitia baridi mwishoni kwa sababu ilishapashwa moto kiwandani. Tui ni lazima ulipike. Zikune nazi mbili zilizokomaa, ukamue tui zito la kwanza kwa maji ya moto kidogo mpaka upate kikombe kimoja. Liweke motoni peke yake, ukilikoroga na kulichota kwa upawa, kama unavyofanya kwenye mchuzi wa samaki lisikatike, mpaka litokote mara moja. Liache lipungue joto, kisha litie kwenye eginogi iliyokwisha kuiva. Usilipike pamoja na mayai: tui linataka kuchemka na yai halitaki, na wawili hao ukiwaweka sufuria moja mmoja lazima aumie.

Pili, mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa mezani kwetu ni maji, ndani ya friji ni nta. Utaamka asubuhi ya Krismasi, ufungue jagi, ukute tabaka jeupe gumu juu na vipande kama mshumaa. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika, nikaimwaga yote, hasara tupu. Haijaharibika. Itoe, ipige kwenye blenda kwa dakika moja kabla tu ya kuigawa, itarudi laini. Ukitaka kujipunguzia kazi, tumia nusu kikombe cha tui na nusu ya maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yale mazito ya chai. Ladha ya nazi itasikika na mafuta ya kuganda yatakuwa machache. Kwa kweli hiyo ndiyo ninayoipika kwangu siku hizi, na naiona bora kuliko ya krimu, ingawa mimi ni mtu wa Mombasa na nazi kwangu haina makosa.

Usije tu ukashawishika na shemeji atakayesema, kama ni ya nazi basi tutie na pombe ya mnazi kidogo. Mnazi una uchachu, na uchachu hukata maziwa hapo hapo. Ndio ule ule unaogandisha mtindi. Ndimu na ukwaju vivyo hivyo.

Tuje kwenye mkesha, ambako ndiko nakuona utakosea kama hukosei kwenye moto. Kinywaji hiki kilizaliwa nchi za baridi. Wazee wake ni Waingereza wa zamani, waliokuwa wakikata maziwa ya moto kwa divai au bia na kunywa kujipasha mwili. Kikavuka bahari na kuwa cha Marekani kwenye karne ya 18, ramu ilipokuwa tele. Kwenye chuo cha kijeshi cha West Point, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1826, makadeti waliingiza wiski kwa siri ili waitie kwenye eginogi, wakalewa, wakavunja madirisha, na kadhaa wakafukuzwa chuo. Kote huko ni Desemba ya theluji. Bakuli likikaa mezani jioni nzima, chumba chenyewe kinasaidia kidogo. Wewe Desemba yako ni ya kaskazi, nyuzi 31 au 32 kivulini, na unyevu wa kubandika nguo mgongoni. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinazaana kwa kasi, na kwenye joto kama letu vingine huongezeka mara mbili kila dakika ishirini. Maziwa, mayai na sukari ni karamu yao. Kuiva kwa eginogi hakuilindi baadaye. Mkono mmoja, upawa mmoja uliokaa mezani, vinaingia upya.

Kwa hiyo ndiyo, ipike tarehe 24, tena mapema mchana, na ikilala usiku mmoja ladha inatulia na kuwa nzuri zaidi. Lakini ipoze haraka. Usiiache kwenye sufuria dirishani ipoe yenyewe, na usiitie ya moto kwenye friji, ikapasha moto na samaki wako. Jaza beseni barafu na maji, simamisha chombo cha eginogi ndani yake, na ukoroge. Kwa robo saa itakuwa imeshuka vya kutosha kuingia kwenye friji. Barafu igandishe tangu siku mbili kabla, kwenye vikopo na chupa za maji. Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukigandishia zamani imekatazwa tangu Agosti 2017. Ikishapoa, igawe kwenye chupa mbili tatu safi zenye vifuniko, si chombo kimoja kikubwa, maana kikubwa kinabaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo, kama wageni ni kumi na sita, pika sufuria mbili, usiongeze vipimo mara mbili kwenye moja. Kwenye friji ya nyuzi 4 inakaa siku tatu. Kwangu haijawahi kufika siku ya pili.

Stima ikipotea, usifungue friji kuangalia kama eginogi iko salama. Kufungua ndiko kunakoiharibu. Friji iliyofungwa hushikilia ubaridi kwa kama saa nne. Zile chupa za maji ulizogandisha zizungushe karibu na za eginogi kabla ya kwenda kanisani, zitakupa muda wa ziada. Ikiwa mmerudi mkakuta giza na jirani anakwambia stima ilikwenda tangu magharibi na sasa ni saa saba usiku, basi mwaga. Najua inauma, viini sita na nazi mbili. Usiionje kujaribu, kwa sababu salmonela haina ladha wala harufu. Kama mtaa wenu stima ndiyo hivyo kila Desemba, bora upike alfajiri ya Krismasi: saa moja ya jiko, nusu saa ya barafu, na saa tatu za friji, watakuta iko tayari kwa chakula cha mchana.

Mezani, toa chupa moja moja, zingine zibaki ndani. Bakuli la kugawia liketishe ndani ya beseni lenye barafu. Vitabu vya Kizungu husema saa mbili nje, na saa moja joto likizidi nyuzi 32. Mimi Desemba ya Mombasa naihesabu saa moja tu, na kama mmekaa nje chini ya mwembe hata hiyo naiona ndefu. Bilauri ziwe ndogo, za kahawa ya maziwa. Ni kitu kizito, na mtu aliyekwisha kula pilau hawezi kumaliza kikombe. Watoto wape na mahamri au visheti visivyokolea sukari sana. Na umwambie kila mgeni kwamba mna mayai ndani na yamepikwa, hasa yule mama mjamzito, ili asikae na bilauri mkononi kwa adabu tu huku anaogopa kunywa.

Umebaki ute wa mayai sita. Wamarekani wengine huupiga ukaumuka na kuuchanganya mbichi juu ya eginogi ili iwe na povu. Wewe achana nao, sababu umeshazijua. Utie kwenye mkate wa sinia: kabla ya kumimina kwenye sufuria, unga ukishaumuka, piga ute mmoja au miwili na uuchanganye taratibu, mkate utakuwa mwepesi wenye matundu mazuri, na majirani zako wanaujua kuliko wanavyoijua eginogi. Unaobaki unakaa kwenye friji siku nne, au ugandishe. Andika tu juu ya kopo ni nini. Mimi sikuandika, na mume wangu aliwahi kuugida asubuhi na mapema akidhani nimemwekea maji ya dafu.